Mji Uliorudi Kutoka Katika Picha

Kitu kilichovunjika, kikatengenezwa upya kwa mfano wa kile cha kwanza, je, ni kilekile, au ni kingine kilichovikwa sura yake? Swali hili ni la zamani katika falsafa, na wengi hulidhania kuwa ni mchezo wa wenye nafasi. Watu wa Warsaw, mji mkuu wa Poland, walilikabili wakiwa juu ya vifusi vya nyumba zao.

Mwaka 1770 mchoraji Bernardo Bellotto, mzaliwa wa Venice na mpwa wa mchoraji mashuhuri Canaletto, aliuchora mji huo kama ulivyoonekana kutoka Praga, ng'ambo ya mashariki ya mto Vistula. Katika picha hiyo mto umetanda mpana, vyombo vikielea juu yake. Na kwenye ukingo wa pili yamepangana majumba, minara ya makanisa na Kasri la Mfalme. Aliyeiagiza kazi hiyo ni Mfalme Stanisław August Poniatowski. Bellotto alichora pia barabara na viwanja vya mji, akiyafuata madirisha, nguzo na mapaa kwa uangalifu mkubwa.

Wananchi wa Warsaw waliasi dhidi ya Wanazi mwezi Agosti 1944, wakashindwa mwezi Oktoba. Hapo majeshi ya Ujerumani yakaubomoa mji mtaa kwa mtaa, kwa moto na baruti. Kama asilimia 85 ya mji iliangamia, na Kasri nalo likalipuliwa. Aubomoaye mji kwa namna hiyo hakusudii nyumba peke yake. Akusudia kulinyima taifa mahali pa kukumbukia.

Baada ya vita, wananchi waliamua kuujenga Mji Mkongwe kama ulivyokuwa. Walitumia michoro ya vipimo iliyofanywa kabla ya vita na wanafunzi wa usanifu wa majengo pamoja na walimu wao, ikafichwa isiangukie mikononi mwa adui. Tena wakaziendea picha za Bellotto, wakazihoji kama shahidi anavyohojiwa. Mwaka 1980 UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1984 Kasri lililojengwa kwa michango ya wananchi lilifunguliwa.

Wapo wasemao kwamba huo ni udanganyifu: ukuta uliojengwa mwaka 1953 hauwezi kuwa ukuta wa karne ya 18. Hoja hiyo ina uzito, lakini yatupasa kupambanua. Uongo ni kukusudia mtu aamini lisilo kweli. Warsaw haikuficha upya wa kuta zake. UNESCO yenyewe iliutambua mji huo kwa sababu ya kujengwa kwake upya. Nakala inayojitangaza kuwa nakala haimdanganyi mtu. Yashuhudia kwamba kilikuwapo kitu, kikaharibiwa, na wenyewe hawakukubali kifutike.

Hata hivyo, limebaki jambo zito zaidi. Kabla ya vita, karibu theluthi moja ya wakazi wa Warsaw walikuwa Wayahudi. Wengi wao waliuawa, hasa katika kambi ya Treblinka mwaka 1942, na mwaka 1943 mtaa waliofungiwa ukateketezwa. Juu ya vifusi vyake ulijengwa mtaa mpya wa Muranów, wala haukurudishiwa sura yake ya kale. Hata kama ungerudishiwa, nani angerudi kufungua milango yake? Mchoraji akiutazama mji husimama ukingo mmoja wa mto, akaona yaonekanayo kutoka hapo. Taifa nalo lijengapo upya huchagua la kurudisha na la kuacha. Uchaguzi huo ni haki yake, ila haki hiyo ina wajibu wake: kuwataja wale ambao hakuna picha iwezayo kuwarudisha.

Bellotto alifanya kazi ya mfalme, naye hakujua kwamba alikuwa akiweka amana kwa watu ambao wangezaliwa baada ya miaka zaidi ya mia. Lakini kwa kuwa aliifanya kwa uaminifu, amana ilikutwa salama siku ilipohitajiwa. Basi yeyote achoraye, aandikaye au apimaye, na aifanye kazi yake akijua kwamba huenda ikawa shahidi wa pekee. Na yeyote ajengaye upya, akumbuke kwamba jiwe hurudishwa mahali pake, bali binadamu hudumu kwa kutajwa tu.