Njumu kwenye Shingo ya Gitaa

Anayeagiza gitaa kwa fundi huulizwa swali ambalo mnunuzi wa dukani haulizwi. Wakishakubaliana kuhusu mbao, ukubwa wa kasha, na kama nyuzi zitakuwa za chuma au za nailoni, fundi atasema: "Na njumu tuweke zipi?" Wengi hubabaika hapo. Mbao huchaguliwa kwa sikio, kasha kwa kifua na mkono. Lakini njumu, yale mapambo yanayochongewa nafasi na kuzamishwa ndani ya mbao mpaka yakalingana na uso wake, haziongezi sauti wala kuipunguza. Zinatoa habari za mwenye gitaa tu, na zikishagundishwa, kuzing'oa ni kuiharibu shingo.

Mabamba, kata ya Wilaya ya Kibondo inayopakana na Burundi, swali hilo linaweza kuonekana la anasa. Gitaa la kwanza la kijana wa huku mara nyingi ni galoni tupu la mafuta, kipande cha ubao na waya za breki ya baiskeli; pambo lake ni michoro iliyochomwa kwa msumari wa moto. Gitaa la maana hukutwa kanisani. Nyanda hizi ni nchi ya kwaya: Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana ina makao yake Kasulu, na Wapentekoste wameota mizizi karibu kila kijiji. Gitaa la kwaya halina mwenyewe mmoja. Analishika huyu, akihama kikazi au akioa mbali, linashikwa na mwingine, na mwingine tena. Kwa hiyo kwaya ikijichangisha hadi ikaweza kuagiza gitaa zuri, uamuzi wa njumu unawahusu hata watu ambao bado wanajifunza kutembea.

Mfano maarufu wa kinyume cha hapo uko Marekani. Mwaka 1933 Gene Autry, mwimbaji na mcheza filamu za wachunga ng'ombe, aliagiza gitaa kwa kampuni ya C. F. Martin ya Nazareth, Pennsylvania. Likawa D-45 ya kwanza kutengenezwa: kingo zake zilizungushiwa makombe ya baharini yanayometameta, na jina lake likaandikwa shingoni kwa herufi za lulu. Hadi mwaka 1942 kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza D-45 zipatazo 91 tu, na leo wakusanyaji wanazigombea. Lile la Autry limo katika jumba la makumbusho lenye jina lake, Los Angeles. Linapendeza, hakuna ubishi. Ila gitaa lenye jina la mtu kutoka juu hadi chini, nani mwingine atasimama nalo madhabahuni bila kuonekana ameazima koti?

Wazee wa muziki wa dansi nchini walizoea kuliita gitaa kavu "galatoni", kutokana na magitaa ya bei nafuu ya Gallotone yaliyotoka Afrika Kusini. John Lennon naye alianzia kwenye Gallotone. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 140,000, na hakuna hata senti moja ya bei hiyo iliyotokana na pambo.

Tukirudi kwa kwaya yetu, swali la pili ni njumu itengenezwe kwa kitu gani, na hapa nyanda za Kigoma zina historia yake. Karne ya 19 pembe za ndovu kutoka Manyema zilivushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, zikabebwa mabegani kuelekea Tabora, Bagamoyo na hatimaye Unguja. Misafara iliyokatisha Uha ilitozwa hongo na watawala wa huku. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa vitambaa mara kwa mara mpaka akaamua kutoroka usiku kupitia porini. (Msomaji wa Kibondo anaruhusiwa kutabasamu.) Sehemu kubwa ya pembe za Unguja iliishia Ivoryton na Deep River, miji midogo ya Connecticut iliyotengeneza vibao vya piano. Kampuni ya Martin nayo ilikuwa ikivalisha magitaa yake ya bei kubwa kingo za pembe za ndovu. Huku pwani, mafundi wa Lamu na Pate walizitia pembe na mifupa katika viti vya enzi, kazi ambayo bado inamsimamisha mtu akiiona.

Uzuri huo ulilipiwa na mabega ya wapagazi na uhai wa tembo. Mwaka 1989 Tanzania iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya ujangili, na mwaka huohuo ikawa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku chini ya mkataba wa CITES. Gamba la kasa ng'amba, lililopendwa na mafundi wa zamani, nalo limekatazwa katika biashara ya kimataifa.

Hata mbao inayopokea njumu ina kisa chake. Lulu hung'aa zaidi juu ya weusi, ndiyo maana wateja walitaka shingo nyeusi tii isiyo na doa. Mwaka 2011 kampuni ya Taylor ya California na washirika wake wa Hispania walinunua kiwanda cha mbao nyeusi cha Crelicam, Yaoundé, Kameruni. Bob Taylor akaambiwa na wakata miti kwamba katika miti kumi mmoja tu ndio mweusi kabisa. Ile yenye mabaka ya kahawia, wakishaiangusha na kuiona ndani, waliiacha ioze msituni. Miti tisa chini kwa ajili ya rangi! Taylor akaamua kununua na yenye mabaka, akaiweka hata kwenye magitaa yake ya gharama.

Anayetaka mng'ao wa bahari hana sababu ya kwenda mbali. Kule Bweleo na Fumba, Unguja, akina mama hufuga chaza, na makombe yake husuguliwa kuwa herini na vidani. Kombe hilohilo laweza kuwa njumu. Hukatwa vipande vyembamba kwa msumeno wa sonara, na fundi mwenye akili hufunika pua na mdomo, maana vumbi lake linadhuru mapafu.

Lakini kwa gitaa la Mabamba, mwandishi wa makala haya angechagua mfupa wa ng'ombe. Unapatikana buchani Kibondo, na mafundi duniani kote tayari wanauamini kwa kile kijipande cha juu ya shingo ambapo nyuzi huegemea. Huchemshwa mpaka mafuta yatoke, hukaushwa, halafu hukatwa. Nukta ndogo ziwekwe kwenye nafasi ya 3, 5, 7 na 9, na mbili kwenye ya 12, ambapo sauti hujirudia juu zaidi. Ziwekwe pia ubavuni mwa shingo, upande unaomtazama mpigaji. Hizo ndizo zitakazomfaa kijana anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza, ilhali waumini hawatajua kama zipo. Ubao ukiwa mpingo, vumbi lake lichanganywe na gundi ya kuzibia mianya, kisha kazi yote ipakwe nta ya nyuki, ambayo Kibondo haijawahi kuikosa.

Na kwaya ikialikwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, gitaa hilo halitaisumbua. Tangu Novemba 2019 kanuni za CITES hazidai kibali kwa ala ya muziki iliyokamilika yenye mpingo, ingawa ubao ghafi bado unadaiwa. Mfupa wa ng'ombe hauna kibali cha kuulizwa. Lenye pembe ya ndovu, hata kipande kidogo, laweza kubaki mpakani, na pengine mwenye kulibeba atabaki nalo.