RISALA FUPI KATIKA KUUZA MATUNDA YANGALI MAUA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ayanyweshaye mashamba yaliyopakana kwa maji mamoja, kisha utamu wa matunda yake ukawa mbali mbali. Na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Jueni, enyi ndugu Waislamu wa mwambao, ya kwamba riziki ya mti haina mwaka ulio sawa na mwaka. Mwenye miembe katika Kaole, Mbegani, Zinga au Kerege huuona mwembe wake mwaka mmoja umeinama kwa matunda hata matawi yakategemezwa kwa miti. Na mwaka wa pili mwembe ule ule hutoa majani matupu na embe za kuhesabika. Wala asikimbilie mtu kumtuhumu jirani yake kwa uchawi. Mwembe uliozaa mno hutumia nguvu zake, ukahitaji mwaka wa kupumzika. Na hiyo ndiyo desturi aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika miembe mingi.

Tena ziko sababu nyingine. Mwembe wa pwani hutoa maua wakati wa kusi, na mvua za mchoo zikiyanyeshea, maua hushikwa na weusi, yakapukutika. Yakisalimika, pepo na mvua za vuli huangusha embe changa. Na tangu mwaka 2003, alipoonekana katika Afrika Mashariki nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, embe nzuri kwa nje hupasuliwa ikakutwa ina mabuu.

Juu ya hayo yote watu huuziana maua. Mchuuzi hufika shambani, akautazama mwembe uliochanua, akamkabidhi mwenye shamba fedha kidogo, naye kwa haja yake huzipokea. Mwaka ukiwa wa neema, mwenye shamba huona mali yake inapakiwa garini kwa thamani mara nyingi ya aliyopewa, akaingiwa na uchungu. Mwaka ukiwa mbaya, mchuuzi hurudi kudai fedha zake, na zimekwisha liwa. Ndugu wawili wa msikiti mmoja hawasalimiani, na sababu ni maua yaliyokwisha pukutika.

Ugomvi huo si mpya. Zaid bin Thabit, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, amesimulia ya kuwa watu wa Madina wakiuziana matunda mapema, na ulipofika wakati wa kuvuna na kulipana, mnunuzi hudai kuwa matunda yamepatwa na maradhi, akiyataja moja moja. Mashtaka yalipozidi mbele ya Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwaelekeza wasiuziane mpaka uzima wa tunda udhihirike. Na katika hadithi ya Ibn Umar katazo hilo limewashika wote wawili, muuzaji na mnunuzi.

Hukumu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni hizi.

Kwanza: Tunda likiuzwa peke yake, bila ya mti, kabla ya kupevuka, biashara ni batili, ila kwa sharti ya kulikata, na liwe ni lenye manufaa. Basi embe mbichi za kutiwa achari huuzwa kwa sharti hiyo. Maua hayana manufaa hayo.

Pili: Zikianza kupevuka, zikageuka rangi, kuuza ni halali, ijapokuwa zitaachwa mtini mpaka ziive. Na kupevuka kwa baadhi hutosha kwa zilizobaki za jinsi ile katika shamba lile.

Tatu: Kuuza mazao ya miaka miwili au mitatu ijayo ni haramu kwa hadithi iliyo sahihi. Na mwenye kusema, “Sikuuza, nimekodisha mwembe,” hajaokoka. Kubadili jina hakubadili hukumu.

Nne: Mwenye kukopesha fedha kwa rehani ya minazi, akashurutisha kuangua nazi mpaka alipwe, amekula riba.

Tano: Embe zikiuzwa baada ya kupevuka, zikakabidhiwa, kisha zikapigwa na dhoruba, hasara ni ya mnunuzi kwa kauli mpya ya Imamu Shafii. Lakini imesuniwa kwa muuzaji kumpunguzia nduguye. Nao Imamu Malik na Imamu Ahmad wamempa mnunuzi haki ya kupunguziwa, kila mmoja kwa masharti yake.

Akisema msemaji: “Mtoto ni mgonjwa, deni limefika, na sina ila maua haya,” hujibiwa: dhiki yako ni ya kweli, na dawa yake iko mikononi mwa ndugu zako. Huyo mwenye fedha za kununulia maua anazo fedha za kukopesha. Na akukopeshe mkopo mwema, ungoje mpaka embe zipevuke, uziuze kwa bei ya soko umlipe. Mji wenye matajiri ambao maskini wake huuza maua, lawama haimwelei maskini peke yake.

Na mwenye kupata mwaka wa neema asijidanganye kwa kuwa embe hazina zaka ya mazao katika madhehebu yetu, kwani zaka hiyo katika matunda ni ya tende na zabibu. Sadaka haikufungwa mlango. Wakumbukwe wenye shamba waliotajwa katika Suratul Qalam: walikula njama kuvuna alfajiri ili maskini asiingie, wakafika wakalikuta shamba limeteketea usiku wakiwa wamelala. Walinyimwa kabla hawajanyima.

Basi mwaka wa wingi ni mtihani wa shukrani, na mwaka wa uchache ni mtihani wa subira. Na katika yote miwili mali ya ndugu haiwi halali kwa kubahatisha.

Ewe Mola, tubarikie matunda yetu na mizani zetu, utuepushe na dhuluma katika biashara zetu, utupatanishe tuliogombana. Amin.