Magugu ya Masika, Lishe ya Kaskazi

Mfugaji wa Pate, wa Siyu, wa Faza, sikiliza. Kila masika unapalilia, unarundika magugu kando ya shamba, kisha unayatia moto. Kaskazi ikishakausha nchi, unaanza kuulizia bei ya majani ya kuvushwa kutoka bara, na nauli ya mashua juu yake. Ulichokichoma ndicho unachokitafuta!

Usiseme shida haitarudi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo nchini, na Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Aliyekuwa na lishe ya akiba hakuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa.

Basi vundika magugu yako. Kata ukoka, kishona nguo na mchicha pori kabla havijatoa mbegu. Mbarika na mranaha ni sumu, vitupe mbali. Na gugu usilolijua usilivundike. Anika siku moja yanyauke, kisha katakata vipande vya sentimita 2 au 3. Kamua konzi moja: maji yakichuruzika, anika tena.

Sasa tia wanga. Kwa kila kilo 100 za magugu, changanya kilo 5 hadi 10 za pumba za mahindi au unga wa muhogo. Magugu mabichi yana maji tele na sukari haba, ndiyo maana yakifungwa peke yake huoza. Wanga hunyonya maji ya ziada na kuwaongezea chakula vijidudu wale wa jamii inayochachusha maziwa lala. Hao hutoa asidi, na asidi ndiyo inayozuia uozo.

Shindilia ndani ya pipa mpaka hewa yote itoke, funga kabisa, weka kivulini wiki sita. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii huoza, ukiiachia hewa. Ukifungua, harufu iwe ya uchachu mtamu. Ikinuka uvundo au ikiota ukungu, mwaga. Walishe ng'ombe na mbuzi, kidogo kidogo mpaka wazoee. Punda mwachie majani makavu: kwake lishe ya pipa iliyoharibika ni mauti.

Jirani akikucheka, mwambie kwamba mwaka 1945 Mfini Artturi Virtanen alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, hasa kwa njia yake ya kuhifadhi malisho mabichi kwa asidi. Yeye aliimimina asidi. Wewe utaifanya itoke kwenye pumba na magugu ya shamba lako.

Kina mama mlio na vikundi, pipa moja kwa kila nyumba linatosha kuanzia. Kaskazi itavuma tu, mmejiandaa au hamkujiandaa. Noa panga, tafuta pipa lenye kifuniko, na palizi ya kwanza ya masika haya isiungue hata jani.