Paka Mnene na Kipimo cha Huruma

Huenda wengine wenu mkiona kichwa cha maneno haya mtacheka na kusema: Mwalimu amekosa la kuandika, hata amegeukia habari za paka. Siwalaumu, hata mimi nilicheka kwanza. Lakini mara nyingi jambo dogo huwa na swali kubwa ndani yake, kama lulu iliyo ndani ya chaza. Nalo swali lenyewe ni hili: Je, kumnyima chakula kiumbe anayekulilia kwaweza kuwa tendo la huruma? Na kumpa kila alitakalo kwaweza kuwa kosa?

Sisi tukaao Mangapwani twawajua paka. Kila asubuhi ngalawa zirudipo, paka hungoja mchangani wakigombea matumbo ya samaki na kunguru. Paka hao wamekonda, mbavu zao zahesabika. Mmoja wao, naye angali mtoto, aliwafuata wanangu hata nyumbani wakati wa masika, amelowa na kutetemeka. Tukamwonea huruma, tukampa kipande cha samaki. Wazee husema kwamba paka wa nyumba haingwa. Basi naye akawa wa nyumba.

Miaka mitatu ikapita. Asubuhi mama yangu alimpa kichwa cha kibua. Adhuhuri watoto walimmwagia wali wenye tui. Jioni nirudipo skuli, mimi nilimpa punje kavu za dukani, ninunuazo mjini, kikombe tele. Usiku mke wangu alimpa maziwa, na jirani naye hakuwa nyuma. Kila mtu alitoa kidogo kwa moyo mwema, wala hapana aliyejua mwenzake ametoa nini. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba chenyewe kilikuwa tumbo la paka. Akaacha kuwinda panya. Akaacha kuruka dirishani. Mwisho hakuweza hata kujilamba mgongo, manyoya yakafungamana. Sisi tukamsifu, tukisema: Tazama jinsi alivyonenepa, nyumba hii ina baraka!

Siku moja nilimtia kikapuni nikampeleka kwa mganga wa wanyama mjini. Mganga yule hakutazama mizani kwanza, bali alinifundisha kutumia mkono wangu mwenyewe. Alisema: “Mwalimu, kunja ngumi, upapase vifundo vya vidole. Mbavu za paka zikiwa hivyo, amekonda mno. Sasa nyosha vidole, upapase mgongo wa kiganja. Zikiwa hivyo, ni mzima. Geuza, upapase ndani ya kiganja. Zikiwa hivyo, amenenepa kupita kiasi.” Nikapapasa ubavu wa paka wangu, nikaona ni ndani ya kiganja kabisa. Ndipo tukampima: kilo 6, na kwa umbo lake ilimpasa kuwa na kilo 4 na nusu. Yaani robo nzima ya mwili wake ilikuwa mzigo. Mganga akanieleza kwamba paka mnene hushikwa na kisukari upesi kuliko paka wa kadiri, na viungo vyake huumia kwa uzito; tena paka aliyehasiwa, kama huyu wetu, huhitaji chakula pungufu kuliko asiyehasiwa.

Nikaona haya. Na kama ilivyo desturi ya mtu aliyeona haya, nikataka kujisafisha mara moja. Nikasema: “Basi, tangu leo atafunga siku tatu.” Mganga akanikataza kwa ukali. Kumbe paka mnene akikosa chakula hata siku mbili tatu tu, mafuta ya mwili wake hukimbilia ini kwa wingi, na ini hushindwa kuyatumia. Hapo macho na ufizi hugeuka manjano, na mnyama aweza kufa. Kwa hiyo kupungua kwake lazima kuwe pole pole: kama sehemu moja katika mia ya uzito wake kila juma. Kwa paka wa kilo 6 ndiyo gramu 60 tu, yaani kazi ya miezi 6 au zaidi.

Hapo nilijifunza neno la kwanza. Mtu aliyekosa kwa kuzidisha hutaka kutengeneza kwa kupunguza kupita kiasi, akadhani ukali ni toba. Lakini ukali huo hulipwa na nani? Hulipwa na yule yule asiye na kosa. Mimi nilikosa kwa mkono mlegevu, nami nilikuwa karibu kukosa mara ya pili kwa mkono mgumu.

Sasa nieleze chakula chenyewe, maana huenda yupo msomaji mwenye shida kama yangu. Jambo la kwanza ni kuijua asili ya mnyama. Paka si kama mbuzi, wala si kama mtu awezaye kuishi kwa mihogo. Mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama. Ndani ya nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini, ambacho paka akikikosa macho hupofuka na moyo hudhoofika. Kwa hiyo kumpunguza paka kwa kumlisha ugali au wali mtupu ni kumdhulumu: tumbo litajaa, mwili utakosa.

Jambo la pili ni kujua nguvu iliyomo katika kila chakula. Gramu 100 za punje kavu huwa na kalori kama 350 hata 400. Gramu 100 za samaki mweupe aliyechemshwa huwa na kama 100 tu, maana sehemu kubwa ni maji. Nao paka kwa desturi hunywa maji machache, hivyo chakula chenye maji humfaa. Mganga alihesabu kwa uzito uliompasa paka, si kwa uzito aliokuwa nao, akatoa kalori kama 180 kwa siku. Kumbe kikombe changu kimoja cha jioni peke yake kilitosha karibu siku mbili!

Akapanga hivi: gramu 25 za punje na gramu 90 za changu aliyechemshwa, zigawanywe mara nne kwa siku, kwa kuwa paka wa porini hula windo dogo dogo mara nyingi. Punje hazikuondolewa zote, maana samaki peke yake hatoshelezi kila haja ya mwili wa paka. Samaki achemshwe, kwa sababu wako samaki wengi ambao wakiliwa wabichi kila siku huharibu vitamini ya lazima. Asiwe na mifupa, wala asitiwe chumvi, tui, vitunguu wala vitunguu saumu, kwani vitunguu ni sumu kwa paka. Maziwa yaachwe, paka wakubwa wengi hawawezi kuyasaga vema tumboni. Na mabadiliko yafanywe kidogo kidogo kwa muda wa siku kumi, asije akasusa.

Hayo yote ni rahisi kuandika. Ugumu ulianza usiku wa tano, saa kumi, paka aliposimama mlangoni akalia. Akalia tena kulipokucha. Mama yangu akanijia, akasema:

“Mwanangu, kiumbe cha Mungu chalia, nawe umekaa wasoma?”

“Mama, amekwisha kula. Fungu lake la pili ni baadaye.”

“Mimi nimeiona njaa, mwanangu. Wewe hukuiona. Aliyeiona njaa hawezi kusikia kilio akanyamaza.”

Sikuwa na jibu. Neno lile lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Mama yangu alipokuwa mtoto alilala bila kula siku nyingi, na kwake yeye kutoa chakula ndiyo maana yenyewe ya kupenda. Ningewezaje kumwambia kwamba upendo wake unamdhuru mnyama?

Wiki nne zikapita, na mizani haikusogea. Siku moja nikaona vichwa vya samaki nyuma ya mtungi, nikafahamu. Sikumgombeza. Nilimwita, nikaushika mkono wake, nikauweka ubavuni mwa paka. Nikamwambia: “Mama, tafuta mbavu.” Akatafuta, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema: “Sizioni. Kumbe na shibe nayo yaweza kuua.” Basi nikamkabidhi kikombe cha kupimia, nikasema kwamba tangu leo hapana mtu nyumbani atakayempa paka chakula ila kwa mkono wake. Tangu siku ile hapakupotea hata punje moja. Hata mimi alinikemea siku niliyoangusha mnofu chini ya meza kwa makusudi.

Tazameni, wasomaji: sikumwondolea mama yangu haki ya kutoa, ila nilimpa kipimo. Upendo wake haukupungua, bali ulipata macho. Na hilo ndilo jibu la swali letu. Huruma isiyopima si huruma kamili, kwa sababu mara nyingi humtazama mtoaji kuliko mpokeaji. Paka akinijia akijisugua miguuni, napenda kupendwa. Namtupia kipande, naye hufurahi, nami hufurahi zaidi. Nani basi amelishwa hapo? Ni moyo wangu. Mnyama amebeba tu uzito wa furaha yangu.

Wala tusimtwike paka dhambi ya ulafi. Ulafi ni kosa la mwenye akili ajuaye kiasi akakivuka. Paka hana kibaba wala hana mizani. Sisi ndio tulio navyo. Unene wake ni maandishi ya makosa yetu, yameandikwa katika mwili usio wetu.

Najua yupo atakayeuliza: Mwalimu, katika nchi yenye watu wenye njaa, si aibu kuhesabu gramu za samaki wa paka? Swali hili ni la haki. Lakini fikirini: aibu haikuwa siku tulipoanza kupima. Aibu ilikuwa miaka ile mitatu, tulipomwaga wali na maziwa kwa mnyama aliyeshiba, na ng’ambo ya ua jirani akihesabu vipande vya muhogo. Tulipoanza kupima ndipo tulipoona kimebaki kiasi gani, na kilichobaki kilipata mlango mwingine wa kugonga. Kipimo hakimpendelei paka; kipimo humkumbuka kila mtu.

Tena sisi wa Mangapwani hatuhitaji kwenda mbali kujua maana ya kushika riziki ya mwingine mkononi. Karibu nasi kipo kile chumba kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambamo, kama isimuliwavyo, watu walifichwa na wafanya biashara ya watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Simfananishi mtu na mnyama, hasha. Nasema tu kwamba kila ashikaye chakula cha asiyeweza kujitafutia, ameshika uhai wake. Nao uwezo wa namna hiyo, uwe juu ya mtoto, au mgonjwa, au mzee, au paka, wataka kicho.

Jirani zetu Waislamu husimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka pasipo chakula. Nasi katika Kitabu cha Mithali, sura ya 12, twafundishwa kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, na papo hapo twaonywa kwamba iko huruma ambayo kwa ndani ni ukatili. Zamani nilidhani onyo hilo lawahusu watu wabaya wa mbali. Sasa nalisoma nikikumbuka kikombe changu cha jioni.

Mwezi wa saba tulimpima tena katika mizani ya samaki pale pwani, wavuvi wakitucheka: kilo 4 na gramu 700. Safari bado haijaisha. Lakini juzi, mama yangu akiwa ameketi barazani, paka aliruka dirishani kama zamani, akaketi akajilamba mgongo. Mama akampapasa ubavuni, akaniita kwa furaha: “Mwanangu, njoo! Nimezipata mbavu.”