Chimba Kabla Hujapita



Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Pier Giorgio Frassati kuwa Mtakatifu: kijana wa Turin, Italia, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 tu. Wengi tunajua alivyowapenda maskini. Lakini huyu kaka alipenda pia milima ya Alpi, kuipanda na kuteleza kwa ski. Leo tujifunze kitu kwa watu wa milima hiyo.

Kule theluji hulala kwa matabaka. Wakati mwingine baridi hugeuza tabaka la chini kuwa chembechembe kama sukari, zisizoshikana. Kisha inaanguka theluji mpya, nyeupe, laini, inavutia kweli. Macho yanasema, "Twende!" Kumbe chini hakuna kinachoshikilia. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 na zaidi, uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja tabaka lile, na theluji yote ikaporomoka. Mara nyingi anayefunikwa ameyaanzisha maporomoko yeye mwenyewe, au mwenzake.

Ndiyo maana wenye busara husoma kwanza taarifa ya hatari ya siku hiyo, halafu huchimba. Hukata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30, huweka beleshi juu yake na kuligonga: mara 10 kwa nguvu ya kiganja, 10 kwa nguvu ya kiwiko, 10 kwa nguvu ya bega. Wanatazama itakatikia wapi. Na alama za waliopita jana haziwadanganyi. Kupita salama jana si ushahidi wa leo.

Kijana mwenzangu, moyo nao una matabaka. Chuki kwa mzazi tangu ukiwa mdogo. Yale unayoyaangalia kwenye simu usiku. Juu yake kuna kwaya, jumuiya, picha za hija. Mambo mazuri kabisa! Ila hayaponyi kidonda ambacho hujakigusa. Na usiseme, "Mbona fulani anafanya hivyo na yuko freshi?" Hizo ni alama za jana.

Basi chimba. Kila usiku, dakika tano, chunguza dhamiri: leo nimekatikia wapi? Mwenye Zaburi ya 139 alimwomba Mungu mwenyewe amchunguze moyo, maana peke yetu tunajipendelea.

Na kama umeshafunikwa? Theluji ikishatulia hukaza kama zege. Mtu hawezi kujifukua. Wenzake humtafuta kwa kifaa cha redio na kumchimbua, na kila dakika ina thamani. Usingoje Pasaka. Mwone padre wiki hii, uungame lile la chini kabisa, lile unaloruka kila mara. Kristo hachoki kuchimba.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Amina.