Je, Mwili Wangu ni Wangu Peke Yangu?

Msomaji, ukimtazama mama akichekecha unga utaona kwamba vumbi lake jepesi kabisa haliangukii chunguni. Huelea hewani, humwingia puani, naye hupiga chafya. Mwenye pumu huliogopa vumbi, na ana sababu ya kuliogopa. Hata hivyo, baadhi ya dawa za pumu ni vumbi vilevile: unga mkavu ambao mgonjwa huuvuta kwa pumzi yake mwenyewe mpaka ndani ya mapafu.

Kuutengeneza unga huo si kazi rahisi. Milimita moja ikigawanywa mara elfu, chembe ya dawa haifai kuzidi sehemu tano hivi, hali unywele wa kichwani mwako una unene wa sehemu sabini hivi. Chembe kubwa hunasa kooni. Iliyo ndogo mno yaweza kutoka tena pamoja na pumzi. Tena chembe ndogo namna hiyo hushikana madonge, kama unga ulioingiwa na unyevu. Kwa sababu hiyo aghalabu huchanganywa na chembe nene za sukari ya maziwa, ambazo huzibeba mpaka nguvu ya pumzi izibandue. Lakini hayo ni mambo ya ufundi, na mimi nataka kukuuliza neno jingine. Unga kama huo ujaribiwe kwanza katika kifua cha nani, na kwa haki gani?

Palikuwa na daktari mmoja, Roger Altounyan, aliyezaliwa Syria mwaka 1922, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani na mwalimu wa marubani katika jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na pumu. Mwaka 1956 aliingia kazini katika kampuni ya dawa huko Uingereza, ambako wanakemia walikuwa wakitengeneza dawa zenye asili katika khella, mmea uliotumiwa tangu kale katika nchi za mashariki ya Bahari ya Kati. Manyoya ya simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, yalikuwa yakimwamshia pumu. Basi alitengeneza maji kutokana na manyoya hayo, akavuta mvuke wake kwa kusudi, kifua kikabana. Kisha akapima kama dawa iliyotangulia kuvutwa imempunguzia shida. Alifanya hivyo mara nyingi mno, kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1965 ilipopatikana iliyofaa, kromoglikati. Akabuni na chombo cha kuivutia, chenye pangaboi ndogo kama ya ndege, izungushwayo na pumzi ya mgonjwa ili unga utawanyike.

Je, alikuwa na haki ya kujitesa hivyo? Utasema upesi: mwili ulikuwa wake. Mimi silikubali jibu hilo lote. Altounyan alikuwa na mke na watoto, na pumu huua. Anayeuweka mwili wake rehani huweka pamoja nao chakula cha wanawe na usingizi wa mkewe, nao huenda hawakuulizwa.

Mahakimu wa Nuremberg, walipowahukumu mwaka 1947 madaktari wa Kinazi waliowatesa wafungwa kwa jina la elimu, waliandika kanuni kumi za majaribio juu ya watu. Kanuni ya tano hukataza jaribio lolote ambalo laaminiwa kuwa litaleta kifo au kilema. Isipokuwa, labda, pale madaktari wenyewe wanapokuwa miongoni mwa wanaojaribiwa. Tazama neno hilo, labda. Watu waliokwisha kusikia ushahidi wa kutisha kiasi kile hawakuthubutu kusema ndiyo, wala hawakusema hapana.

Kwa maoni yangu Altounyan anastahili heshima, na si kwa ushujaa peke yake, maana mlevi naye ni shujaa juu ya paa. Alipima, akaandika, akarudia. Tena hakudai kwamba kifua chake kimoja ni ushahidi wa vifua vyote: mwaka 1967 yeye na daktari mwenzake, Howell, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa wengine, ambalo ndani yake mgonjwa wala daktari hakujua ni lini iliyovutwa ilikuwa dawa na lini haikuwa. Altounyan alifariki mwaka 1987. Dawa nyingine zimechukua nafasi ya ile yake kwa wagonjwa wengi wa pumu, lakini wavutao dawa ya unga wangali wengi.

Hata hivyo kuna jambo linaloniudhi bado. Fikiri maabara yoyote, msomaji, nawe ni kijana mgeni ndani yake, mshahara wako ndio ulishao nyumba ya wazazi wako. Mkubwa wako amekwisha kuvuta sehemu yake, anakohoa, machozi yanamtoka. Hakuamuru kitu. Anakugeukia tu, na kwa upole anakuuliza kama wewe nawe una pumu. Utamjibu nini?