Sabuni ya Mjane

Kabla ya Pasaka mzee mmoja wa usharika wetu aliniita nyumbani kwake. Nilidhani anataka Chakula cha Bwana. Kumbe alitaka kuungama jambo la mwaka 1981, na ameniruhusu kulisimulia. Wakati ule alikuwa muuzaji wa duka la kijiji. Sabuni ilipoletwa alificha vipande kadhaa kwa ajili ya ndugu zake, na mjane wa askari aliyefia Uganda akaambiwa imekwisha.

"Mchungaji," alisema, "yule mama alijua. Aliniangalia tu, akaondoka."

Mimi nilizaliwa baada ya vita vya Kagera. Historia yake tulifundishwa shuleni: majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Ushindi tunauimba. Yaliyofuata hatuyaimbi. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Ni haki kusema kwamba vita peke yake havikuleta uhaba ule. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mipango yetu wenyewe ilikuwa na kasoro. Lakini vita vilikula fedha za kigeni, na nchi maskini haina mfuko wa pili.

Je, mzee huyu alitenda dhambi, au tuseme ni hali ya vita? Nusura nimwambie, "Baba, zilikuwa nyakati ngumu, Mungu anajua." Namshukuru Mungu sikusema. Nyakati ngumu zinaeleza kwa nini sabuni ilikuwa chache. Hazielezi kwa nini hiyo chache ilikwenda kwa nduguze. Luther, akifafanua amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, hakuishia kwa mwizi wa usiku; aliingia sokoni na kwenye mizani. Zakayo naye hakujitetea kwa habari za utawala wa Kirumi.

Katika miaka ile tulijifunza mlango wa nyuma, magendo na ulanguzi. Mwaka 1983 serikali iliwasaka wahujumu uchumi, na wengi wakakamatwa. Leo maduka yamejaa. Hata hivyo, kijana aliyezaliwa sabuni ikiwa tele, akitafuta kazi au cheti, swali lake la kwanza ni, "Unamjua nani pale?" Hakuuona uhaba, lakini amerithi tabia yake. Na sisi kanisani je? Nimeona nafasi za kwaya na za masomo zikigawanywa kwa mtindo huo huo, tena baada ya sala.

Nilimtangazia mzee ondoleo la dhambi. Akaniuliza, "Na yule mama?" Alikwisha kufariki, lakini binti yake anauza nyanya sokoni. Jumamosi tulikwenda pamoja, yeye na mkongojo wake, na mche wa sabuni ndani ya mfuko.

Binti alimsikiliza hadi mwisho. Akasema mama yake alikuwa akiisimulia habari hiyo kila walipofua. Sabuni aliipokea. Kuhusu kusamehe hakusema neno, nami sikumharakisha.